Kidole au nenosiri? Panga ulinzi wa kompyuta yako hatua kwa hatua

Swali ni lile lile, linakuja kwa sura tofauti tu. Mmoja kanunua laptopu inayosoma alama ya kidole, anauliza kama sasa nenosiri aliache. Mwingine anataka kujua uso na kidole kipi ni salama zaidi. Wa tatu ndiye mwenye shida kweli: kidole kimekuwa kikimfungulia mwaka mzima, leo mashine inataka nenosiri, naye halikumbuki hata herufi ya kwanza.

Jibu fupi: usichague kimoja. Kwenye kompyuta za kawaida, kidole na uso havijachukua nafasi ya nenosiri, vimewekwa juu yake. Chini ya kila kidole kuna nenosiri au PIN, na mashine itaikubali hiyo ya chini wakati wowote, kidole kiwepo kisiwepo. Nyumba ikiwa na milango miwili, mwizi hahangaiki na ule wenye kufuli kubwa. Kwa hiyo kazi inaanzia chini: nenosiri imara kwanza, kisha njia ya kurudi ukikwama, kidole mwisho. Wengi huanza na kidole kwa sababu ndicho kinachofurahisha.

Nadharia kidogo, halafu tunaanza

Nenosiri linaweza kubashiriwa, kuchunguliwa begani au kuvuja, lakini likivuja unalibadilisha. Mwaka 2009 mtandao wa RockYou ulidukuliwa, manenosiri zaidi ya milioni 32 yakatoka yakiwa wazi bila kufichwa kwa namna yoyote, na lililoongoza kwa kutumiwa na watu wengi lilikuwa 123456.

Kidole hakisahauliki, ila hakibadilishiki pia. Mwaka 2015 ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia watumishi wa umma, OPM, ilitangaza kwamba alama za vidole za watu milioni 5.6 zimeibwa. Hao wangeweza kubadilisha manenosiri yao jioni ile ile. Vidole ndivyo hivyo hivyo hadi leo. Tena alama ya kidole si siri, maana unaiacha kila unaposhika. Mwaka 2013, siku chache baada ya iPhone 5s kuingia sokoni, kundi la Chaos Computer Club la Ujerumani lilichukua alama iliyobaki kwenye kioo, likatengeneza kidole bandia na kuifungua simu hiyo.

Je, hiyo ina maana kidole hakifai? Hapana. Kidole bandia kinahitaji mtu aliyekukusudia wewe, mwenye alama yako na mashine yako mkononi. Nenosiri bovu halihitaji hata mtu akujue. Ni hatari mbili tofauti, na ndiyo maana vitu hivi viwili vinasaidiana.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Nenosiri lako la sasa. Bila hilo huwezi kubadilisha chochote, na kama umelisahau, anza na sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.
- Karatasi na kalamu. Usidharau.
- Kamusi ya Kiswahili, au orodha ya maneno pamoja na dadu.
- Namba ya simu na barua pepe ya urejeshaji ambazo bado ni zako. Hakikisha, usikisie, laini ya zamani iliyofungwa imewafungia wengi nje.
- Printa, au flashi ambayo haitakaa kwenye mkoba mmoja na kompyuta.
- Kitambaa laini kikavu.

Tenga saa moja isiyo na haraka. Usifanye kazi hii dakika kumi kabla ya kikao.

Hatua ya 1: Jua mashine yako ina nini

Kwenye Windows fungua "Settings", nenda "Accounts", kisha "Sign-in options". Utaona kama uso na kidole vinapatikana. Kwenye Mac fungua "System Settings" na utafute "Touch ID & Password". Kwenye Linux yenye mazingira ya GNOME, angalia sehemu ya watumiaji kwenye mipangilio. Kama kitambua alama kinatumika, utaona "Fingerprint Login". Isipoonekana, huenda kifaa hicho bado hakina drayva (programu ya kukiendesha) ya Linux, na hapo hakuna ujanja wa kukilazimisha.

Kamera ya kawaida ya laptopu haitoshi kwa utambuzi wa uso wa Windows Hello, sehemu ya Windows inayokuingiza kwa uso, kidole au PIN. Inatakiwa kamera yenye infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho. Mtu akikuuzia programu inayogeuza kamera yoyote kuwa kufuli ya uso, muage kwa heshima.

Hatua ya 2: Tunga nenosiri kuu

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi.

Usitumie methali. "Harakahainabaraka" inaonekana ndefu, lakini ni maneno yanayojulikana na kila mtu, na anayebashiri manenosiri huanza na misemo inayojulikana. Kubadilisha "a" kuwa "@" na kuongeza "1" mwishoni hakumsumbui. Programu zake zinajaribu mabadiliko hayo zenyewe. Jina la mtoto, timu ya mpira, mstari wa wimbo na aya ya kitabu kitakatifu viko kwenye kundi hilo hilo.

Unachohitaji ni maneno matano ambayo hukuyachagua wewe. Njia ya dadu ni hii: kuna orodha za maneno 7,776, idadi inayotokana na kurusha dadu mara tano (6 × 6 × 6 × 6 × 6). Kila marusho matano yanakupa neno moja. Maneno matano yanatoa michanganyiko inayoandikwa 28 ikifuatiwa na sifuri 18. Kama huna orodha ya namna hiyo kwa Kiswahili, tumia kamusi: pata namba nasibu ya ukurasa kwa programu ya simu, kisha namba nyingine ya kuhesabia maneno kutoka juu ya ukurasa huo. Ukipata neno usilolijua, lichukue hivyo hivyo, mradi unaweza kuliandika bila kukosea. Ukianza kusema "hili silipendi, ngoja nitafute jingine", umerudi kwenye kuchagua, na kuchagua ndiko kunakoharibu.

Utapata kitu kama "kifundo saruji teua mbayuwayu pembizo". Usitumie mfano huu, umeshaandikwa hadharani. Kama mashine inadai tarakimu au herufi kubwa, ongeza moja mahali popote na uendelee. Nguvu iko kwenye maneno, si kwenye mapambo.

Halihitaji kubadilishwa kila miezi mitatu. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2017 ilisema watu wasilazimishwe kubadilisha nenosiri kwa ratiba. Libadilishwe kukiwa na dalili kwamba limevuja. Mwongozo huo huo ulitaka alama za mwili zitumike pamoja na kifaa fulani cha mhusika, zisisimame peke yake. Ofisi nyingi bado zinafuata desturi ya zamani. Kama yako ni mojawapo, tii tu, ila usiishie kuongeza namba mwishoni kila mwezi.

Hatua ya 3: Lizoee kabla ya kuwasha kidole

Weka nenosiri jipya, liandike kwenye karatasi, na kwa wiki nzima fungua kompyuta kwa kuliandika. Ndiyo, wiki nzima bila kidole. Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayomzaa yule wa tatu niliyemtaja mwanzoni. Vidole vyako vya kuandikia vikishalizoea, weka karatasi mahali salama nyumbani, mbali na kompyuta.

Hatua ya 4: Tengeneza njia ya kurudi

1. Ingia kwenye akaunti ya Microsoft au Apple iliyounganishwa na kompyuta yako, na uhakikishe namba ya simu na barua pepe ya urejeshaji ni sahihi.
2. Angalia kama diski imesimbwa, yaani imefichwa isisomeke bila ufunguo. Kwenye Windows ni BitLocker au "Device encryption". Kwenye Mac ni FileVault. Kama haijasimbwa, iwashe. Bila hilo mwizi anachomoa diski, anaichomeka kwenye mashine nyingine na kusoma mafaili yako, wala hagusi kitambua alama.
3. Hifadhi ufunguo wa urejeshaji nje ya kompyuta. Wa BitLocker una tarakimu 48. Uchapishe au uweke kwenye flashi. Hata kama hukumbuki kuwasha usimbaji, angalia, kwa kuwa kompyuta nyingi za sasa hujiwashia zenyewe.

Onyo: kuhifadhi ufunguo huo kwenye kompyuta ile ile inayofungwa nao ni sawa na kutokuwa nao.

Hatua ya 5: Weka PIN (Windows)

Windows haitakubali kidole wala uso kabla hujaweka PIN. Wengi wanakerwa hapa, wanaandika 1234 ili waendelee mbele. Usifanye hivyo, maana kuanzia sasa PIN hiyo inaweza kufungua kila kinachofunguliwa na kidole.

PIN ya Windows si nenosiri fupi la akaunti yako. Inafanya kazi kwenye mashine hiyo tu, haisafiri mtandaoni, na chipu ya usalama iitwayo TPM huzuia mtu asijaribu maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo tarakimu sita zisizo tarehe ya kuzaliwa zinatosha kwa watu wengi. Ukitaka zaidi, weka alama kwenye "Include letters and symbols" utumie herufi pia. Isifanane na PIN ya simu wala ya kadi ya benki. Mtu aliyekuona ukilipa asiondoke na funguo za kompyuta pia.

Hatua ya 6: Sajili vidole

1. Nawa mikono, ikauke kabisa. Futa kitambua alama kwa kitambaa kikavu.
2. Anza na kidole unachotumia bila kufikiri, mara nyingi cha shahada.
3. Kila unapogusa, badilisha pembe kidogo: katikati, ncha, kushoto, kulia. Ukigusa vile vile mara zote, mashine itajifunza sehemu moja tu ya kidole na kukukataa kesho ukikiweka upande.
4. Sajili kidole cha mkono wa pili. Siku moja utajikata au utavaa bendeji.
5. Funga skrini na ujaribu kila kimoja.

Mac huruhusu vidole vitatu kwa kila mtumiaji. Kwenye Linux, kama mipangilio haitoshi, andika `fprintd-enroll` kwenye terminali na ufuate maelekezo.

Kama unafanya kazi za saruji, udongo au kemikali, huenda mistari ya vidole imelika. Jaribu kidole cha pete au kidole cha mwisho, ambavyo huchakaa kidogo. Kusajili kidole kimoja mara mbili, kana kwamba ni viwili, nako huweza kusaidia, kama mashine inakubali.

Onyo: usisajili kidole cha mtu mwingine kwenye akaunti yako, hata cha mwenza au mtoto. Kwa mashine, kila kidole kilichomo ni wewe: kinafungua barua zako, manenosiri yako yaliyohifadhiwa, malipo yako. Mtu akihitaji kompyuta, mtengenezee akaunti yake. Na kama umenunua mashine iliyotumika, futa vidole vyote vilivyokuwemo. Afadhali zaidi, ifute yote uanze upya.

Hatua ya 7: Uso, kama unao

Kaa kama unavyokaa siku zote, mwanga usiwe nyuma yako. Ukivaa miwani, sajili ukiwa nayo, kisha tumia "Improve recognition" usajili bila miwani.

Uso au kidole? Kwa takwimu za Apple yenyewe, uwezekano wa mtu asiyehusika kukubaliwa na Touch ID ni 1 kati ya 50,000 kwa kidole kimoja, na kwa Face ID ni 1 kati ya 1,000,000. Hizo ni za Apple tu, usizibebe kwenda kwenye kifaa kingine. Na kwa pacha wa kufanana, hesabu ya uso haishiki. Mimi kwenye kompyuta napendelea kidole kwa sababu rahisi: kidole unakiweka kwa kukusudia, uso unasomwa hata kama ulikuwa unapita tu mbele ya mashine.

Kwa simu zinazotumia kamera ya mbele peke yake kuna kipimo kizuri. Kama uso unafungua simu lakini programu ya benki haikupi chaguo la kuingia kwa uso, mara nyingi ni kwa sababu mfumo wenyewe umeuweka uso huo katika daraja dhaifu. Amini benki.

Hatua ya 8: Jifunze kufunga

Windows ni kitufe cha Windows pamoja na L. Mac ni Control, Command na Q. Weka pia skrini ijifunge yenyewe baada ya dakika tano. Hapa ndipo kidole kinapolipa kweli: kwa kuwa kufungua ni kugusa tu, huoni uvivu wa kufunga kila unapoinuka. Faida nyingine ni mbele za watu, ambapo hakuna wa kuchungulia unachoandika.

Hatua ya 9: Akaunti za mtandaoni

Kidole cha kompyuta hakijailinda barua pepe yako. Mtu aliye mbali hana haja na laptopu yako. Anahitaji nenosiri tu.

Tumia programu ya kutunza manenosiri, iwe na nenosiri tofauti kwa kila akaunti, na yenyewe uifunge kwa nenosiri la maneno matano jingine, si lile la kompyuta. Baada ya hapo unaweza kuifungua kwa kidole kwa matumizi ya kila siku. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani uthibitisho wa pili juu ya nenosiri, ukianza na barua pepe, maana manenosiri mengine yote huombwa upya kupitia hapo.

Tovuti ikikupa chaguo la kuingia kwa ufunguo wa siri, kile kinachoitwa passkey, likubali. Huko kidole kinafungua ufunguo uliomo kwenye kifaa chako, na ufunguo ndio unaojibu tovuti. Kidole chenyewe hakitumwi popote. Zaidi ya hapo, ufunguo umefungamanishwa na anwani halisi ya tovuti, kwa hiyo ukurasa wa kitapeli unaofanana na wa benki yako hauwezi kupata kitu hata ukiuamini.

Tofautisha hilo na tovuti au mtu anayetaka umtumie picha ya uso au alama ya kidole ili aihifadhi kwake. Uliza kama kuna njia nyingine. Kumbuka wale milioni 5.6.

Hatua ya 10: Jaribu kuvunja kazi yako

Zima mashine, iwashe, uone inaomba nini. Mpe mtu mwingine ajaribu kidole chake. Kama umewasha uso, shika picha yako kwenye simu mbele ya kamera. Kosea kidole makusudi mara kadhaa uone kama unarudishwa kwenye PIN au nenosiri. Yote haya yafanye ukiwa na karatasi yako karibu.

Wakati wa kuzima kidole

Kama utalala mahali usipowaamini walio karibu, au unapita mahali ambapo unaweza kushikwa mkono na kulazimishwa, nenosiri lina faida: haliwezi kuchukuliwa ukiwa usingizini. Kwenye Mac inatosha kuzima mashine, kwani ikiwashwa upya inataka nenosiri kwanza. Windows si hivyo. Inakubali kidole hata baada ya kuwashwa upya, kwa hiyo ondoa kidole kwenye mipangilio kabla ya safari. Sheria kuhusu kulazimishwa kufungua kifaa hutofautiana kati ya nchi na nchi.

Ikikwama

*Mac inakataa kidole na kutaka nenosiri.* Ni kawaida baada ya kuwashwa upya, baada ya saa 48 bila kufunguliwa, au vidole vikikataliwa mara tano mfululizo. Haijaharibika.

*Kidole kilikuwa kinakubali, sasa hakikubali.* Angalia unyevu, mafuta ya kupaka na uchafu kwenye kitambua alama. Kama ngozi imebadilika, futa usajili wa zamani uanze upya badala ya kubonyeza kwa nguvu zaidi; nguvu inaponda mistari ya kidole na kuharibu picha.

*Windows inasema chaguo la kidole halipatikani kwa sasa.* Mara nyingi hutokea baada ya sasisho. Washa upya mashine. Ikiendelea, pakua drayva ya kitambua alama kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yenyewe, si kutoka tovuti za drayva za kila kitu.

*Sioni mahali pa kuandika nenosiri kwenye Windows.* Kwenye "Sign-in options" kuna swichi inayoruhusu Windows Hello peke yake. Ikiwa imewashwa, nenosiri hufichwa. Ingia kwa PIN, uizime kama unataka.

*Nimesahau PIN.* Bonyeza "I forgot my PIN" kwenye skrini ya kuingia. Utaombwa nenosiri la akaunti ya Microsoft, na mashine iwe na intaneti.

*Linux inanifungulia kwa kidole, kisha inaomba nenosiri tena.* Hiyo ni hifadhi ya manenosiri ya GNOME. Imesimbwa kwa nenosiri lako, na kidole hakiwezi kuzalisha nenosiri. Ingia kwa nenosiri mara moja ukiwasha mashine, kisha tumia kidole kufungua skrini siku nzima. Kuna wanaoshauri uifanye hifadhi hiyo isiwe na nenosiri kabisa. Usiwasikilize.

*Laptopu imefunikwa, natumia skrini ya nje, kitambua alama hakifikiki.* Tumia PIN au nenosiri, au nunua kitambua alama cha USB kinachotajwa wazi kufanya kazi na mfumo wako.

*Nimesahau nenosiri lakini kidole bado kinafungua.* Usizime mashine. Ingia sasa hivi, nakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje, hakikisha una ufunguo wa urejeshaji, ndipo uombe nenosiri jipya kupitia akaunti yako. Likishakubali, rudi hatua ya 3.